"Mshipa" Si Ugonjwa Mmoja
Somo la afya kwa vikundi: tumbo la chini, kinena na miguu

Somo letu safari hii linahusu sehemu ya mwili ambayo wengi wetu tunaona haya kuitaja mbele za watu. Ni sehemu iliyo chini ya kitovu: tumbo la chini, kinena, nyonga na miguu. Haya ni kitu kizuri, lakini ikizidi huua. Kuna watu wanaokufa kwa ugonjwa unaotibika, kwa sababu tu uko mahali pasipotajwa.

Tunashauri somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano. Kikundi kikiona ni afadhali wanaume wakae peke yao na wanawake peke yao, na iwe hivyo. Muhimu ni kwamba kila mtu apate nafasi ya kuuliza. Vitu vya kutayarisha ni viwili tu: uzi wa kushonea na jamvi la kulalia.

1. JINA MOJA, VITU VINGI

Huku kwetu pwani neno "mshipa" lina kazi nyingi. Damu hupita katika mishipa. Fahamu, yaani kuhisi na kuamrisha mwili, hupita katika mishipa mingine, ambayo siku hizi huitwa neva. Mtu akikaza mkono, ile misuli na kano zinazotokeza nazo twaziita mishipa. Kisha mtu akivimba kinenani au korodanini, husemwa, "Fulani ana mshipa."

Hapo ndipo shida inapoanzia. Uvimbe wa kinenani unaweza kuwa ngiri, unaweza kuwa busha, unaweza kuwa mtoki, au korodani iliyojisokota. Magonjwa haya manne yana asili tofauti na dawa tofauti. Moja laweza kungoja miezi, jingine halingoji hata mapambazuko. Tukiyaita yote "mshipa" na kuyapaka dawa moja, tutakosea siku ambayo kukosea ni mauti. Basi tuuangalie mwili wenyewe ulivyojengwa, ili tuweze kuyatenganisha.

2. UKUTA WA TUMBO

Tumbo ni kama chumba. Juu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenga tumbo na kifua. Nyuma kuna uti wa mgongo na misuli minene. Chini kuna sakafu ya misuli iliyotandazwa ndani ya mifupa ya nyonga. Mbele na ubavuni hakuna mfupa kabisa chini ya mbavu. Ukuta ni misuli mitupu.

Ndani ya chumba hiki mna ini upande wa kulia juu, mfuko wa chakula kushoto, figo mbili zikiegemea mgongo, na kibofu cha mkojo chini kabisa. Kwa akina mama, mfuko wa uzazi umekaa nyuma ya kibofu. Sehemu kubwa iliyobaki ni matumbo. Utumbo mwembamba peke yake una urefu wa karibu mita sita, nao umekunjwakunjwa, unateleza na kutembea mchana na usiku. Vyote hivi vimefunikwa kwa utando mwembamba na laini.

ZOEZI. Mmoja wenu alale chali kwenye jamvi, kisha ainue kichwa bila kuinua mabega. Aweke vidole juu ya tumbo, pande mbili za kitovu. Atasikia misuli miwili mirefu ikikaza kama mikanda, kutoka mbavuni hadi mfupa wa kinena. Hiyo ndiyo misuli ya mbele.

Ubavuni kuna matabaka matatu. Simama utie mikono katika mifuko ya suruali: jinsi vidole vyako vinavyoelekea chini na mbele, ndivyo nyuzi za msuli wa nje zinavyoelekea. Nyuzi za msuli wa pili zinapanda juu na mbele, zikikatana na za kwanza. Nyuzi za tabaka la ndani zinazunguka kwa upana kama mshipi wa kiunoni. Kila anayesuka mkeka anajua kwa nini ni hivyo. Ukili ukipishana haupasuki upesi.

Kila unapokohoa, unapopiga chafya, unapojikamua chooni, unapovuta dau ufuoni au kunyanyua gunia la nazi, tumbo hubanwa na matumbo husukumwa nje. Ukuta wote hukaza kuyazuia. Ukuta ukiwa mzima, hakuna kinachotokea. Lakini ukuta huu una mahali pachache pembamba, na pembamba kuliko pote kwa mwanamume ni kinenani.

3. NJIA YA KINENA

Mtoto wa kiume anapoumbwa tumboni mwa mama yake, korodani zake hazianzii pale tunapozijua. Huanzia juu, ndani ya tumbo, karibu na figo. Polepole huteremka, na yapata mwezi wa saba wa mimba hupenya ukuta wa tumbo kinenani na kushuka katika mfuko wake. Zinaposhuka huburuta nyuma yake kamba ndogo: mishipa ya damu, neva na njia ya mbegu. Kamba hiyo hubaki ikipita katika ukuta maisha yote ya mwanamume. Njia inayopitia ina urefu wa kama sentimita nne kwa mtu mzima, nayo imelala kwa mshazari juu tu ya mkunjo wa paja.

Mafundi wa vyombo watatuelewa. Ukitoboa ubao wa dau upitishe kamba, tundu lile utalitia kalafati vizuri, maana maji yatatafuta hapo kwanza. Mwili nao huziba njia hii pande zote za kamba. Kwa watoto wengine haizibiki sawasawa, nao huzaliwa na uvimbe au hupata wakiwa wadogo. Kwa watu wazima, misuli ya hapo hulegea kwa miaka ya kazi nzito, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, au mzee anayejikamua kukojoa kwa sababu njia ya mkojo imebanwa.

Wanawake nao wana njia hii, lakini kwao ni nyembamba, hupitisha ukano tu wa mfuko wa uzazi. Kwa hiyo ngiri ya kinena ni nyingi zaidi kwa wanaume. Hata hivyo kuna ngiri nyingine, chini ya mkunjo wa paja, ambayo huwapata zaidi wanawake. Hiyo ni ndogo, pengine kama yai la njiwa, na kwa kuwa tundu lake ni jembamba na gumu, hubanwa upesi. Mama mwenye kivimbe hapo asikidharau kwa udogo wake.

4. NGIRI

Ngiri ni utumbo, au mafuta ya tumboni, uliopenya kwenye tundu la ukuta na kutokeza chini ya ngozi. Haitokani na uchawi, wala na uzinzi, wala si laana ya mtu. Ni ukuta ulioachia.

Dalili zake ni rahisi. Uvimbe hutokea mtu akisimama au kufanya kazi, na hurudi akilala. Akikohoa, husukuma kidole kilichowekwa juu yake. Kwa wengine hushuka hadi katika mfuko wa korodani. Huenda isiume, ila uzito na kuvuta jioni.

Ngiri inayorudi ndani si ya kukimbilia usiku wa manane. Lakini isingojwe mpaka mtu azeeke nayo. Hakuna mti, kuchanja wala mkanda utakaoshona tundu. Mgonjwa aende zahanati aandikiwe kwenda hospitali, apangiwe siku ya upasuaji akiwa bado na nguvu zake.

5. NGIRI ILIYOBANWA: HAPA NDIPO PENYE MAUTI

ZOEZI. Kila mmoja afunge uzi kuzunguka kidole chake, ukaze kiasi. Hesabuni hadi sitini kwa pamoja. Tazameni rangi ya kidole, na muulizane kinavyohisi. Kisha fungueni upesi.

Damu ya kuingia inapita kwa shida, na ya kutoka haipati njia. Kidole kinavimba, kinabadilika rangi, kinauma. Sasa fikirini kidole hicho ni utumbo, na uzi ni tundu la kinenani. Utumbo ukivimba, tundu humkaba zaidi. Akikabwa zaidi, huvimba zaidi. Baada ya saa chache utumbo huanza kufa, kisha hutoboka, na uchafu humwagika tumboni. Huyu ndiye mtu tunayesikia, "Alikuwa na mshipa wake wa siku zote, mara usiku ule ukampanda, asubuhi akafa."

Dalili za kubanwa ni hizi:
- Uvimbe uliokuwa ukirudi sasa haurudi, hata akilala.
- Umekuwa mgumu na unauma ukiguswa.
- Anatapika.
- Tumbo linajaa, choo hakitoki wala upepo haupiti.

Ukiona hivyo, usiusukume kwa nguvu. Usikande wala kuchua. Usimpe shubiri wala dawa yoyote ya kuharisha, kwa maana njia imefungwa na dawa hiyo itasukuma kitu kisicho na pa kutokea. Asile wala asinywe, kwani atahitaji upasuaji. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji saa ile ile. Kwetu sisi ni hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni.

IGIZO. Wanakikundi wawili waigize mazungumzo haya mbele ya wenzao.

Mpwa: Hodi! Mjomba, shikamoo.
Mjomba: Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo siwezi kusimama, mshipa wanisumbua.
Mpwa: Tangu saa ngapi?
Mjomba: Tangu alasiri, tulipokuwa twavuta dau. Lakini mimi nao miaka minane. Huja, hurudi.
Mpwa: Na leo ukilala warudi?
Mjomba: Leo wakataa. Umekuwa mgumu kama jiwe. Na chakula cha jioni nimekitapika.
Mpwa: Upepo wapita?
Mjomba: Haupiti. Nataka ninywe shubiri kidogo nifungue tumbo.
Mpwa: La, mjomba wangu, usinywe kitu. Utumbo umebanwa huo. Yafaa twende Msambweni sasa hivi.
Mjomba: Usiku huu? Na watu watasemaje? Ngoja alfajiri.
Mpwa: Alfajiri ni mbali, mjomba. Mimi nampigia mwenye gari. Mkaza mjomba atafuatana nasi. Watu waseme watakalo, sisi twakutaka wewe.

Baada ya igizo jadilianeni: Mpwa aliuliza maswali gani? Ni neno lipi lililomfanya ajue kwamba leo si kama siku zote?

6. BUSHA NA MATENDE

Busha ni maji. Kila korodani imezungukwa na utando wa mikunjo miwili, na katikati mna unyevunyevu kidogo wa kuilainisha. Maji hayo yakizidi, mfuko hujaa, na baada ya miaka unaweza kuwa mkubwa kama dafu au zaidi.

Pwani yetu sababu kubwa ni minyoo midogo kama nyuzi, inayoletwa na mbu. Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba inayokusanya majimaji na kuyarudisha katika damu. Hiyo ni mishipa ya limfu. Mbu anayeuma usiku huacha vijidudu kwenye ngozi. Hukua na kuwa minyoo na kukaa katika mishipa hii, hasa ya miguu na korodani. Huishi humo miaka sita hadi minane, wakizaa vijidudu vingine vinavyotembea katika damu usiku, mbu awanyonye tena na kuwapeleka kwa jirani. Mishipa ya limfu hupanuka na kuharibika, na majimaji hukosa pa kupita. Yakijaa korodanini ni busha. Yakijaa mguuni mguu huvimba na ngozi kuwa nene, na hayo ndiyo matende.

Kwa hiyo madafu hayaleti busha. Wala kuoga maji baridi, wala kulala na mwanamke fulani. Anayeleta ni mbu.

Kupambanua busha na ngiri, angalieni mambo matatu. Kwanza, busha halirudi mtu akilala. Pili, halisukumi mtu akikohoa. Tatu, mhudumu akishika juu ya uvimbe, kwa busha vidole vyake hukutana na ile kamba nyembamba tu, lakini ngiri huendelea juu hadi ndani ya kinena. Mara nyingine mhudumu huangaza tochi gizani. Maji hupitisha mwanga. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wa mganga wa hospitali.

Busha halimuui mtu usiku mmoja, lakini humnyima kazi, ndoa na heshima yake. Kumeza vidonge hakuondoi maji yaliyokwisha kujaa. Kuyatoboa kwa sindano nyumbani ni hatari: huleta usaha, na maji hurudi. Dawa yake ni upasuaji mdogo.

Matende hayana upasuaji rahisi, ila yana utunzaji unaosaidia sana. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, hasa katikati ya vidole na mikunjo. Ukaushe kwa kitambaa kwa upole. Tibu kila kidonda na ukurutu. Inua mguu unapokaa na kulala. Chezesha kifundo juu na chini mara nyingi, maana misuli ya shavu la mguu ikikaza husukuma majimaji kwenda juu. Mwenye matende akitunza hivyo, zile homa za mara kwa mara hupungua, na kila homa inayozuiwa ni uvimbe uliozuiwa.

Kinga ni chandarua na dawa za kumeza. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu. Katika Kenya, ugawaji wa dawa kwa watu wote ulianza Kilifi mwaka 2002, na 2003 ukafika Kwale na Malindi. Watu walimeza dawa mbili kwa pamoja, DEC na albendazoli. Mwaka 2018 Lamu na Jomvu, Mombasa, walipewa dawa tatu kwa mpigo. Wengine huuliza, "Mbona nimeze dawa na mimi si mgonjwa?" Ni kwa sababu mwenye vijidudu katika damu anaweza asivimbe popote, na bado mbu anamchota yeye kuwapelekea wengine. Kwamba jambo hili lawezekana tumeona: Togo ilitambuliwa mwaka 2017 kuwa imeushinda ugonjwa huu, na Malawi mwaka 2020.

7. MTOKI, NA KORODANI ILIYOJISOKOTA

Katika mkunjo wa paja kuna tezi ndogo za limfu, kama punje za kunde. Hizi ni walinzi. Ukichomwa na mwiba, ukikatwa na gamba la chaza kwenye mizizi ya mikoko, na kidonda kikaingia uchafu, tezi za upande huo huvimba na kuuma. Huo ndio mtoki. Anayeuona asiukande, atazame mguu kuanzia unyayo atafute kidonda, akitibu. Mtoki usiopungua baada ya majuma mawili, au usio na kidonda chochote, uonyeshwe kwa mganga.

Korodani kujisokota huwapata zaidi wavulana na vijana. Korodani huzunguka kwenye kamba yake, kamba ikajikaba, damu isipite. Maumivu huja ghafula, makali, upande mmoja, pengine na kutapika. Huyu naye hangoji. Akipasuliwa kabla ya saa sita kupita, korodani mara nyingi huokoka. Wazazi, mwambieni kijana mapema kwamba akiumwa hapo asione haya kusema, hata iwe usiku.

8. NEVA: ZINAZOTUAMBIA NA ZINAZOTUENDESHA

Mtu hushangaa, "Naumwa korodani, kwa nini tumbo ndilo linalosokota?" Jibu liko katika ile safari tuliyoisema. Korodani ilianzia karibu na figo, na neva zake bado zinatoka kule juu. Ndiyo maana ikiumia, tumbo huuma, na jiwe likikwama katika njia ya figo, maumivu hushuka hadi kinenani. Mahali panapouma si lazima pawe ndipo penye ugonjwa.

Neva za miguu hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kiuno. Moja hupita mbele: weka vidole viwili katikati ya mkunjo wa paja, utasikia mpigo wa mshipa mkubwa wa damu. Kando yake kwa nje ndipo ilipo neva inayoamrisha misuli ya mbele ya paja kunyoosha goti. Nyingine, kubwa kuliko zote mwilini, nene kama kidole, hupita ndani ya tako, ikashuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Hii ndiyo inayokunja goti, kutusimamisha kwa vidole na kuinua unyayo.

ZOEZI. Simameni wote. Tembeeni hatua kumi kwa ncha za vidole, kisha kumi kwa visigino. Asiyeweza kuinua unyayo mmoja, au anayehisi ganzi upande mmoja, aende akaangaliwe.

Kwa sababu ya neva hiyo, sindano ya tako ina mahali pake. Gawa tako mafungu manne. Sindano huchomwa fungu la juu la nje peke yake. Ikichomwa vibaya inaweza kuumiza neva, na mtoto akabaki akiburuta mguu. Msichomwe sindano na mtu asiyesomea, na msidai sindano pale vidonge vinapotosha.

Kwa kuinua mizigo, chuchumaa, mzigo uwe karibu na kifua, uinuke kwa nguvu ya mapaja. Misuli ya mapaja ni minene. Mgongo na kinena havikuumbwa kwa kazi hiyo. Mtu aliyeumia mgongo, kisha akafa ganzi katikati ya miguu au akashindwa kukojoa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

9. AKINA MAMA NA WATOTO

Ile sakafu ya misuli tuliyoitaja hushika kibofu na mfuko wa uzazi. Baada ya kuzaa mara nyingi hulegea, na mama huvuja mkojo akicheka au kukohoa. Yapo mazoezi. Kaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Hufanyika hata ukikuna nazi. Lakini mama anayevuja mkojo mfululizo baada ya uzazi mgumu huenda ana tundu. Huyo mazoezi hayamfai, atahitaji upasuaji, nao upo.

Kitovu kilichotokeza kwa mtoto mchanga mara nyingi hujifunga chenyewe kabla ya miaka mitano. Usikifunge kwa sarafu wala kitambaa, utaleta vidonda. Lakini uvimbe wa kinenani kwa mtoto haujifungi. Huo upelekwe hospitali mapema.

10. UPASUAJI NA WAVU

Wengi huogopa kisu. Upasuaji wa ngiri si jambo geni. Tangu miaka ya 1880, Daktari Edoardo Bassini wa Italia alipoonyesha jinsi ya kuujenga upya ukuta wa kinena, umefanywa duniani kote. Mara nyingi hufanywa kwa dawa ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Daktari hurudisha utumbo ndani, hushona tundu, na pengine huweka kipande cha wavu kama kiraka, nyama zikaota juu yake.

Wavu huo wa kiwandani ni ghali. Madaktari mashariki mwa Uganda waliwapasua wanaume 302, wengine kwa wavu wa kiwandani na wengine kwa kitambaa cha chandarua kilichosafishwa kwa mitambo ya hospitali. Matokeo yaliyotangazwa 2016 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Hii si ruhusa ya kukata chandarua nyumbani! Ni habari njema tu kwamba tiba hii si ya matajiri peke yao.

11. KIKUNDI KIFANYE NINI

- Chagueni wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mtu anaweza kuwaambia siri ya mwili wake, nao wasiitangaze.
- Wekeni sanduku dogo la safari ya hospitali, tofauti na akiba ya mikopo. Fedha zake zitolewe bila kusubiri mkutano.
- Andikeni namba za simu za wenye magari wawili au watatu walio tayari kuamka usiku.
- Hakikisheni kila nyumba imejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ulizeni zahanati ni huduma zipi zinalipiwa.
- Waulizeni wahudumu wa afya kama kuna kambi ya upasuaji wa mabusha, na muwasindikize wenye haya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, watu wakisema "mshipa" wanamaanisha nini? Tajeni yote.
2. Uvimbe unaorudi ukilala na usiorudi, upi ni wa haraka, na kwa nini?
3. Gari likikosekana usiku, tutafanyaje?
4. Ni maneno gani tunayowatania nayo wenye mabusha na matende? Yanawasaidia au yanawaficha?

Ndugu zetu, mkisahau mengine yote, shikeni hili moja: uvimbe wa kinenani ukikataa kurudi, ukawa mgumu, na mtu akatapika, usiku ule ule ni safari ya Msambweni. Mfundisheni na jirani asiye mwanachama.